Omar Mukhtar: Tumshangilie mpiganaji, tusimsahau mwalimu

KUNA sinema chache sana ambazo unaweza kuziweka mbele ya Waislamu wa rika zote, babu na mjukuu wake, na wote wakakaa kimya mpaka mwisho. Mojawapo ni Lion of the Desert, yaani Simba wa Jangwani, inayosimulia miaka ya mwisho ya Sheikh Omar Mukhtar wa Libya. Aliyeitengeneza ni Moustapha Akkad, Mwislamu mzaliwa wa Aleppo, Syria, aliyefanyia kazi zake Marekani. Ndiye yule yule aliyetengeneza The Message mwaka 1976. Hii ya Omar Mukhtar ilitoka mwaka 1981. Wengi wetu tuliiona kwanza kwenye mikanda ya video ya kuazimana, baadaye ikaja kwenye CD, na siku hizi vijana wanarushiana vipande vyake kwenye simu.

Nimeitazama tena hivi karibuni pamoja na vijana kadhaa wa mtaani, na kilichonishughulisha zaidi ni mazungumzo yaliyofuata. Kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisifia namna mujahidina walivyowavizia Wataliana bondeni, yule akasifia farasi, mwingine akasimulia vifaru vinavyoungua. Wote walikubaliana kuwa hawajaona mtu anayekwenda kwenye kitanzi kwa utulivu kama yule mzee. Hakuna aliyekumbuka kuwa sinema inapomleta kwetu mara ya kwanza, Omar Mukhtar hajashika bunduki. Amekaa na watoto, anawasomesha Qur'an.

Siwalaumu. Sinema ni ya karibu saa tatu, na darasa lile ni la dakika chache tu. Lakini, ndugu msomaji, hebu tujiulize swali moja. Dola ya Italia ilikuwa na manowari, ndege za kivita, vifaru na askari kwa maelfu. Ni kitu gani kilichoifanya ihangaike miaka ishirini na mzee mmoja wa kijijini mwenye wapiganaji wasiozidi elfu moja na ushei? Kama jibu ni ushujaa peke yake, basi mashujaa wamekuwepo wengi duniani na walimalizwa kwa wiki mbili. Naamini jibu liko kwenye lile darasa, na maisha ya Sheikh huyu yanathibitisha hivyo.

Yatima aliyelelewa na zawiya

Sinema inaanza mwaka 1929. Maana yake imeruka karibu miaka sabini ya mtu huyu. Omar Mukhtar alizaliwa Barqa, ule upande wa mashariki ya Libya ambao Wazungu huuita Cyrenaica, katika kabila la Manifa. Vitabu vinatofautiana kuhusu mwaka. Vingine vinasema 1858, vingine 1862. Baba yake alifariki akiwa katika safari ya kwenda Makka, na kabla ya kufariki aliusia wanawe wapelekwe kwa Sheikh Husayn al-Gharyani, mmoja wa masheikh wa zawiya, awalee. Hivyo yule ambaye leo jina lake limo kwenye mitaa ya miji mingi ya Waislamu alianza maisha kama yatima wa kulelewa na msikiti.

Kutoka hapo alipelekwa Jaghbub, oasisi iliyo mbali kusini karibu na mpaka wa Misri. Hiki kilikuwa chuo kikuu cha Sanusiyya, tarika iliyoanzishwa na Sheikh Muhammad bin Ali al-Sanusi, mzaliwa wa Algeria. Zawiya yake ya kwanza katika ardhi ya Barqa aliijenga al-Bayda mwaka 1843, kisha akahamishia makao Jaghbub na kufariki huko mwaka 1859. Omar alikaa Jaghbub miaka kama minane. Alisoma Qur'an, fiqhi, hadithi na lugha, na kama wanafunzi wote wa pale alijifunza pia kazi za mikono, kwa sababu wana-Sanusiyya hawakupenda mwanachuoni asiyejua kujilisha.

Mwaka 1897 aliteuliwa kuwa sheikh wa zawiya ya al-Qusur, katika milima ya Jabal Akhdar, eneo la kabila la Abid ambalo lilijulikana kwa ukorofi wake. Haukupita muda mrefu akaitwa kwenda kusini, katika nchi ambayo leo ni Chad, ambako Wafaransa walikuwa wakizisogelea zawiya za Sanusiyya. Alifundisha na kupigana huko. Alipofariki kiongozi wa Sanusiyya wa wakati ule, Muhammad al-Mahdi, mwaka 1902, Omar alirudi al-Qusur kwenye zawiya yake. Tayari alikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Kama Wataliana wasingekuja, pengine angefia pale pale akiwa mwalimu, na wala tusingelijua jina lake.

Zawiya ilikuwa nini?

Ukisikia zawiya, usifikirie chumba cha kusomea dhikri tu. Barqa peke yake ilikuwa na zawiya zaidi ya arobaini. Kila zawiya ilikuwa na msikiti, madrasa, nyumba ya wageni, ghala la nafaka, visima, mashamba na mifugo ya wakfu. Sheikh wake ndiye aliyewasomesha watoto, ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa visima na malisho, ndiye aliyekusanya zaka na kuigawa, ndiye aliyewapokea wasafiri na kuandika mikataba ya wafanyabiashara. Zawiya zilijengwa kwenye njia za misafara na kwenye mipaka ya makabila, mahali ambapo damu ilizoea kumwagika.

Kwa hiyo kabila lisiloelewana na jirani yake lilikutana naye kwenye zawiya. Mwarabu wa jangwani ambaye hakuwahi kumtambua gavana yeyote alimtambua mwalimu wa mwanawe. Hiyo ndiyo nguvu ambayo Omar Mukhtar aliirithi, na ndiyo aliyoikuza.

Wavamizi wanakuja

Italia ilitangaza vita dhidi ya dola ya Uthmaniya mwishoni mwa Septemba 1911, na siku chache baadaye manowari zake zikaipiga Tripoli kwa mizinga. Tarehe 1 Novemba mwaka huo rubani mmoja wa Kitaliana aliangusha mabomu kwa mkono kutoka kwenye ndege yake karibu na Tripoli. Hilo linahesabiwa kuwa shambulio la kwanza la bomu kutoka ndegeni katika historia ya dunia. Yaani haya tunayoyaona leo kwenye televisheni, ya nyumba za raia kubomolewa kutoka angani, yalianzia juu ya vichwa vya Waislamu wa Libya.

Oktoba 1912 Waturuki walisaini mkataba wa amani wakaondoka. Wenyeji wakabaki peke yao. Yakafuata miaka ya vita na mapatano, na mwaka 1920 Italia ilimtambua Sayyid Idris al-Sanusi kuwa Amir wa maeneo ya ndani. Mambo yalibadilika mwaka 1922 Mussolini na Wafashisti wake waliposhika madaraka Roma. Kwao mapatano yote yalikuwa karatasi tupu. Sayyid Idris akaenda uhamishoni Misri, na kazi ya kuongoza mapambano katika Jabal Akhdar ikaangukia mabegani mwa Omar Mukhtar. Umri wake ulikuwa umekaribia au umepita miaka sitini na kidogo, umri ambao wengi wetu tunahesabu siku za kustaafu.

Mwaka 1923 alikwenda Misri kushauriana na Amir wake. Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kuwa huko alifuatwa na watu wa Italia wakimuahidi mshahara na maisha ya raha iwapo angekaa kimya. Alirudi milimani.

Serikali ya usiku

Hapa ndipo sinema inapopita kwa haraka, na hapa ndipo palipo na darasa lenyewe. Wapiganaji wa Omar Mukhtar waligawanywa katika vikosi vilivyoitwa adwar, na kila kikosi kiliambatana na kabila lake. Kabila lilitoa watu, silaha na chakula kwa zamu. Mpiganaji akifa, jamaa zake walileta mwingine kujaza nafasi. Zaka na ushuri wa mazao vilikusanywa, misafara iliyokuwa ikienda Misri ililipa ushuru, na waliotoa walipewa stakabadhi. Palikuwa na kadhi, palikuwa na waandishi, palikuwa na hesabu.

Zingatia jambo hili. Makabila mengi yalikuwa yamekwisha kujisalimisha kwa Italia, kwa maandishi. Wataliana wakawaita raia watiifu, wakawapa vibali na bunduki za kujilinda. Lakini watu hao hao ndio waliokuwa wakitoa ushuri kwa Omar Mukhtar, na bunduki hizo hizo ndizo zilizokuwa zikipanda milimani. Mchana nchi ilikuwa na serikali ya Wataliana, usiku ikawa na serikali ya mwalimu wa madrasa. Majenerali walikuja, wakatuma taarifa za ushindi Roma, na baada ya miezi michache mambo yakarudi pale pale.

Haiwezekani kuyafanya hayo kwa bunduki tu. Mtu hatoi ushuri wake usiku, kwa siri, akijua kwamba akikamatwa atanyongwa, kwa sababu ya kumuogopa mzee mwenye farasi mmoja. Anautoa kwa sababu anamuamini. Na imani hiyo ilikuwa imejengwa kwa miaka mingi kabla ya vita, na mtu aliyewafundisha watoto wao, akawazika wafu wao na kuwapatanisha bila ya kuchukua hongo.

Mazungumzo ya mwaka 1929

Kuna wanaodhani Omar Mukhtar alikuwa mtu wa vita asiyetaka suluhu. Si kweli. Juni 1929 alikutana na Gavana Badoglio mahali panapoitwa Sidi Rahuma, na vita vikasimama kwa miezi kadhaa. Wanahistoria wa Libya wanayataja masharti aliyoyapeleka: serikali isiingilie dini ya watu, lugha ya Kiarabu itambuliwe, shule za kufundisha Qur'an, hadithi na fiqhi zifunguliwe, wakfu zirudishwe, na sheria ya kumbagua mwenyeji na Mtaliana iondolewe. Mtu aliyekuwa milimani kwa miaka mingi, watu wake wakifa kila siku, alipopata nafasi ya kukaa mezani aliulizia shule.

Wataliana waliyatumia mazungumzo hayo kupata nafasi ya kupumua na kutangaza kuwa mzee amesalimu amri. Aliyekuwa mpatanishi ni Sharif al-Gharyani, mtu wa nyumba ile ile iliyomlea Omar alipokuwa yatima. Na mmoja wa vijana wa ukoo wenyewe wa Sanusi, al-Hasan bin Rida, akatia saini mapatano yake pembeni. Ndugu msomaji, haya ndiyo yanayouma kuliko risasi. Omar hakuwatukana jamaa zake hawa, lakini hakuwafuata. Mwishoni mwa mwaka 1929 vita vikaanza upya.

Graziani alimjua adui yake

Machi 1930 akaja Jenerali Rodolfo Graziani kuwa naibu gavana wa Barqa. Huyu hakuwa mjinga. Alielewa kile ambacho vijana wetu wanaotazama sinema hawakielewi, kwamba ukitaka kumshinda Omar Mukhtar usianze na Omar Mukhtar.

Alianza na zawiya. Mwaka 1930 zawiya zikafungwa, mashamba na mali zao za wakfu zikataifishwa, na masheikh wake wakakamatwa na kupelekwa kufungwa kwenye kisiwa cha Ustica huko Italia. Kisha akaja kwa wananchi. Watu wapatao 100,000, yaani karibu wakazi wote wa kuhamahama wa Jabal Akhdar na maeneo ya jirani, wanaume, wanawake na watoto, waliswagwa pamoja na mifugo yao, wengine kwa mamia ya kilomita, wakafungiwa ndani ya seng'enge katika kambi za Suluq, al-Magrun, al-Agheila, Brega na nyinginezo. Sehemu kubwa ya mifugo ilikufa. Watu walikufa kwa njaa, typhus na viboko kwa makumi ya maelfu. Julai 1930 oasisi ya Tazerbo ilipigwa kwa mabomu ya gesi ya sumu, na Januari 1931 Kufra, makao ya mwisho ya Sanusiyya, ikaanguka.

Akamalizia na mpaka. Mwaka 1931 ulijengwa uzio wa seng'enge wenye urefu wa kilomita 270 hivi, kutoka baharini karibu na Bardia hadi Jaghbub, ukilindwa na ngome na ndege, ili hata gunia moja la unga lisipite kutoka Misri.

Sinema inazionesha kambi na seng'enge hizo, na inazionesha kwa ujasiri, maana kabla yake watu wengi duniani hawakuwa wamepata kuzisikia. Lakini mtazamaji anaweza kutoka akidhani kuwa huo ulikuwa ukatili wa mtu mwenye hasira tu. La hasha! Ilikuwa hesabu. Mwalimu aliondolewa wanafunzi, sheikh akaondolewa wakfu, mkusanya ushuri akaondolewa watoa ushuri. Waliobaki milimani walikuwa mamia machache, wakila majani, na farasi wao wamekonda.

Kitanzi cha Suluq

Tarehe 11 Septemba 1931, karibu na Slonta, kikosi kidogo alichokuwa nacho kilizingirwa. Farasi wake alipigwa risasi akaanguka naye, akajeruhiwa mkono, akakamatwa. Askari walipomtambua ni nani, hawakuamini. Alipakiwa kwenye manowari na kupelekwa Benghazi kwa pingu na minyororo.

Graziani alikatisha safari ya Ulaya akarudi kumuona. Katika kitabu alichoandika baadaye, jenerali huyo alikiri kwamba adui yake alikuwa mtu wa dini kwelikweli, maskini asiye na chochote cha dunia baada ya miaka yote ile ya kukusanya na kugawa mali ya umma. Alimuonesha miwani yake iliyookotwa vitani mwaka mmoja kabla. Msomaji atakumbuka namna sinema inavyomalizia, miwani ikianguka chini ya mti wa kunyongea na mtoto akaiokota. Tukio hilo la mwisho ni la mtunzi, lakini habari ya miwani kuwa mikononi mwa adui ni ya kweli.

Kesi ilisikilizwa Benghazi tarehe 15 Septemba, kwa muda wa kama saa moja tu. Ofisa wa Kitaliana aliyepangiwa kumtetea, Kapteni Roberto Lontano, alitoa hoja ya kisheria: mtu huyu hakuwahi kujisalimisha kwa Italia, basi hawezi kuitwa mhaini, ni mateka wa vita. Kwa kutimiza wajibu wake kapteni huyo aliadhibiwa. Hukumu ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla majaji hawajaketi.

Asubuhi ya tarehe 16 Septemba 1931, mbele ya watu wapatao 20,000 waliotolewa makambini kwa lazima ili washuhudie, alinyongwa hapo Suluq. Mzee wa miaka kama 70. Makamu wake, Yusuf Bu Rahil, aliendelea kidogo, akauawa Desemba mwaka huo. Januari 1932 Badoglio akatangaza kuwa uasi umekwisha.

Yasiyoonekana kwenye skrini

Kuna mambo mawili ambayo ningependa kila anayeitazama sinema hii ayajue, kwa sababu yanatuhusu sisi Waafrika wa upande huu.

La kwanza ni kwamba askari wengi waliokuwa wakiwasaka mujahidina milimani hawakuwa Wataliana. Walikuwa Waeritrea waliochukuliwa kutoka koloni jingine la Italia, pamoja na Walibya wenyewe waliojiandikisha kwa ajili ya mshahara. Miaka michache baadaye, mwaka 1935, Graziani huyo huyo aliivamia Ethiopia akitokea Somalia, na safari hii akawa na kikosi cha askari wa Libya. Mweritrea alipelekwa kumuua Mlibya, Mlibya akapelekwa kumuua Mhabeshi. Februari 1937, baada ya Graziani kurushiwa mabomu ya mkono mjini Addis Ababa, watu wake waliua raia kwa maelfu ndani ya siku tatu, na Mei mwaka huo wakawaua watawa wa monasteri ya Debre Libanos. Waliokufa kule walikuwa wengi wao Wakristo. Dhalimu hakuwauliza dini zao.

Na malipo yake? Graziani alihukumiwa baada ya Vita Kuu ya Pili kifungo cha miaka 19, si kwa ajili ya Libya wala Ethiopia, bali kwa kushirikiana na Wajerumani. Alikaa miezi michache akaachiwa, akafa mwaka 1955. Mwaka 2012 katika kijiji cha Affile nchini Italia alizinduliwa mnara wa kumbukumbu. Sinema ya Omar Mukhtar, kwa upande wake, ilizuiwa kuoneshwa Italia tangu mwaka 1982, ikaoneshwa kwenye televisheni ya huko mwaka 2009 tu.

La pili ni la kwetu wenyewe Waislamu. Fedha za sinema zilitoka kwa serikali ya Kanali Gaddafi, ambaye mwaka 1969 alimpindua Mfalme Idris, yule yule Sayyid Idris ambaye Omar Mukhtar alipigana kwa niaba yake. Si ajabu basi kwamba Sanusiyya haipati ndani ya sinema nafasi inayolingana na uzito wake, na Omar anabaki kama shujaa aliyeota jangwani bila mizizi. Na katika miaka ya 1980, zama za serikali hiyo hiyo, chuo cha Jaghbub pamoja na kaburi la mwanzilishi wake vilibomolewa. Tafakari hapo. Picha ya mwanafunzi ikawekwa kwenye noti ya dinari kumi, na chuo kilichomsomesha kikasawazishwa na ardhi.

Mwaka 2009 Gaddafi alishuka Roma akiwa amebandika kifuani picha ya Omar Mukhtar akiwa kwenye minyororo. Mwaka 2011, waliomuasi Gaddafi kule Benghazi nao waliinua picha ya Omar Mukhtar. Kila upande ulikuwa na picha yake. Nchi yenyewe ikasambaratika, kwa sababu picha haisuluhishi ugomvi wa kisima, wala haigawi zaka.

Hata Moustapha Akkad hakusalimika. Ndani ya sinema yake anamuonesha Omar Mukhtar akikataa kuuawa kwa ofisa kijana wa Kitaliana aliyetekwa, na kumuacha arudi kwao. Novemba 2005 Akkad na binti yake walikufa kutokana na mabomu yaliyolipuliwa katika mahoteli ya Amman, Jordan, na watu waliodai kwamba wako kwenye jihadi. Hao nao walikuwa wameshika silaha. Walichokosa ni mwalimu.

Tuchukue nini?

Sisemi kwamba vijana waache kuitazama sinema hii. Waitazame, na watoto waitazame pamoja na wazee wao. Ninachosema ni kwamba tukimalizia kwenye kushangilia vifaru vinavyoungua, tutakuwa tumemchukua Omar Mukhtar kwa kile kidogo alicholazimishwa na wavamizi, tukamuacha kwa kile kikubwa alichokichagua mwenyewe. Vita ilimfuata nyumbani. Ualimu aliuchagua.

Na ualimu huo haukuhitaji jangwa wala farasi. Ulihitaji madrasa yenye mwalimu anayelipwa riziki yake, wakfu inayotunzwa kwa maandishi na hesabu, zaka inayokusanywa na kuwafikia wanaostahiki, na sheikh ambaye majirani wawili waliogombana wanaweza kwenda kwake bila kuogopa kuwa atapendelea. Haya yote yanawezekana Kariakoo, Magomeni, Tanga, Mombasa na Kigoma. Wangapi kati yetu tunaomlilia Omar Mukhtar kwenye skrini tunajua maalim wa mtaani kwetu analala na nini tumboni? Wangapi tunajua nyumba ya wakfu ya msikiti wetu inaingiza kiasi gani kwa mwezi na zinakwenda wapi?

Graziani aliposhika kalamu kupanga namna ya kuimaliza Barqa, aliandika zawiya mwanzo wa orodha. Alijua nguvu ya Waislamu wale iko wapi. Itakuwa ni aibu kubwa kama adui aliyaona hayo mwaka 1930, na sisi hatujayaona mpaka leo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Omar Mukhtar na wote waliokufa katika kambi zile, na atujaalie tuwe ni wenye kujenga. Wallahu a'lam.